Kabla ya kukuuliza unakula nini, tunakuuliza unalala lini

Ukurasa wa kwanza wa fomu yetu ya ushauri wa lishe hauna swali hata moja la chakula. Tunauliza unapanda kitandani saa ngapi, unaamka saa ngapi, siku za mapumziko unabadilisha ratiba kiasi gani, unafanya kazi ya zamu au la, na kama kuna mtu aliyewahi kukuambia kwamba unakoroma. Wateja wengi huuruka ukurasa huu. Wanaona wamekuja kwa ajili ya sukari, uzito au mafuta kwenye ini, sasa usingizi unaingiaje?

Unaingia hivi. Chukua mlo mmoja, uleule kwa kila kitu, uule saa mbili asubuhi siku moja na saa mbili usiku siku nyingine. Frank Scheer na wenzake wa Boston walifanya jaribio la namna hiyo kwa watu wenye afya nzuri na kuchapisha matokeo mwaka 2015: sukari kwenye damu baada ya mlo wa usiku ilikuwa juu kwa asilimia 17 kuliko baada ya mlo wa asubuhi. Sahani haikubadilika. Kilichobadilika ni hali ya mwili ulioipokea.

Mwili una saa yake. Saa kuu iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na ni kifungu kidogo cha seli zipatazo 20,000. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Lakini ini nalo lina saa, kongosho lina saa, misuli na mafuta ya mwili vivyo hivyo, na saa za viungo hivi, hasa ini, hufuata sana wakati wa kula. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hii inavyofanya kazi ndani ya seli. Walichunguza nzi wa matunda, wakaonyesha protini inayojikusanya ndani ya seli usiku na kuvunjwa mchana, mzunguko mmoja kila siku. Ndani yetu kuna mtambo wa aina hiyohiyo.

Giza likiingia, ubongo huanza kutoa homoni ya melatonini. Wengi wanaijua kama homoni ya usingizi, lakini pia hulipunguza kongosho kasi ya kutoa insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu. Kwa mtu anayekwenda kulala jambo hilo halina tatizo, kwa kuwa hatazamiwi kula. Anayekula sana dakika chache kabla ya kulala anagonga mlango wa ofisi wakati wahudumu wameshaanza kufunga: atahudumiwa, ila polepole, na sukari itazunguka kwenye damu muda mrefu zaidi.

Hayo ni ya wakati. Kuna na muda wenyewe wa kulala, na hapa ndipo tunapoona wateja wakijiumiza zaidi, kwa sababu kulala kidogo kumegeuka kuwa sifa ya mchapakazi.

Mwaka 1999 Eve Van Cauter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 11 wa kiume wenye afya wakawaruhusu kukaa kitandani kwa muda wa saa 4 tu, usiku sita mfululizo. Uwezo wa miili yao kuondoa sukari kwenye damu ulishuka kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na walipopewa nafasi ya kufidia usingizi. Ni vijana wazima, na haikuchukua hata wiki. Utafiti mwingine wa timu hiyo, wa mwaka 2004, ulionyesha kwamba usiku mbili za kulala kidogo zilitosha kushusha leptini, homoni inayoashiria shibe, kwa asilimia 18, na kupandisha grelini, ile ya njaa, kwa asilimia 28. Kwa hiyo mteja anapotuambia kwamba jioni anashindwa kujizuia kula, hatumwiti mlafi. Tunarudi kwanza kwenye ule ukurasa aliouruka.

Kwa anayepunguza uzito, utafiti tunaoutaja mara nyingi zaidi ni wa mwaka 2010, pia wa Chicago. Watu wazima 10 wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa wiki mbili huku wakipewa muda wa saa 8 na nusu kitandani, kisha wiki mbili nyingine kwa saa 5 na nusu. Vipindi vyote viwili walipungua karibu kilo 3, na mtu anayeitazama mizani peke yake angesema usingizi haukuleta tofauti yoyote. Vipimo vya mwili vilisema vingine. Walipolala vya kutosha, walipoteza kilo 1.4 za mafuta. Walipolala kidogo, mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 0.6 tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki katika upungufu ule ni tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Unaona hasara yenyewe: unashinda na njaa ili kupoteza kitu ulichokihitaji. Ndiyo maana hatupendi kumpa mpango mkali wa kupunguza chakula mtu anayelala saa 5. Tunajua wapo watakaotuhama kwa hilo.

Habari njema ni kwamba mambo hurudi. Mwaka 2022 zilichapishwa habari za watu 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu. Waliosaidiwa kurefusha usingizi wao waliongeza zaidi kidogo ya saa moja, na chakula chao kikapungua kwa takriban kalori 270 kwa siku ukilinganisha na wenzao. Hakuna aliyewaambia wale kidogo.

Basi tunafanyaje na mteja? Kwanza tunamwomba aandike kwa wiki moja saa za kulala, kuamka, kula na kunywa kahawa. Saa janja za mkononi zinakubalika kwa kuonyesha ulilala lini na kuamka lini. Zile hesabu za usingizi mzito na mwepesi tunazisoma kwa tahadhari, maana ni makisio. Tukishaona picha, mara nyingi tunaanza na saa ya kuamka badala ya saa ya kulala, kwa kuwa kuamka unaweza kujilazimisha, kulala huwezi. Saa ya mwili wa binadamu kwa wastani huzidi saa 24 kidogo, hivyo bila kurekebishwa husogea mbele kila siku, yaani usingizi unakuja kwa kuchelewa zaidi. Mwanga wa nje asubuhi huirudisha nyuma. Mwanga mkali na simu usoni usiku huisukuma mbele zaidi.

Kahawa: nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa 5 baadaye, kwa wengine zaidi. Hesabu mwenyewe.

Wafanyakazi wa zamu za usiku hatuwaambii walale mapema, maana ni kuwadhihaki. Kwao tunashughulika zaidi na saa za kula. Jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba waliokesha wakila usiku walipandisha sukari, ilhali waliokesha wakila mchana tu haikupanda. Hivyo mlo mkubwa tunauweka kabla ya zamu, na katikati ya usiku kidogo iwezekanavyo. Ila anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asihamishe mlo wowote kabla ya kuzungumza na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ile tunayojaribu kuizuia.

Swali la kukoroma tumeliweka kwa sababu yake. Anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi usingizini kisha akashtuka, halafu mchana anasinzia, huenda ana tatizo la pumzi kukatika usingizini, ambalo huambatana na shinikizo la damu na mwili kutoitikia insulini vizuri. Hilo hatulitibu, wala hatuuzi vidonge vya usingizi vya aina yoyote. Tunakuandikia barua ya kumpelekea daktari, na mpango wa chakula tunaendelea nao ukishapimwa. Mwombe anayelala nawe ajaze sehemu hiyo ya fomu, kwa sababu wewe mwenyewe hujisikii.