Saa ya kompyuta ikikosea, isomwe kabla ya kurekebishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo dogo ambalo limewapotezea watu muda na fedha, nami nikiwa mmojawapo: saa ya kompyuta mpakato inayokosea, ikarekebishwa, kisha ikarudia kosa lile lile. Tulio wengi huibofya saa hiyo, tukaandika wakati sahihi na kuendelea na kazi. Hoja yangu ni kwamba kosa lenyewe ndilo ushahidi, na anayelifuta kabla ya kulisoma amefuta alama za nyayo.

Kwa majuma kadhaa kompyuta yangu ilikuwa ikiamka kila asubuhi na kudai kwamba ni tarehe 1 Januari 2015, saa sita usiku na dakika chache. Tarehe hiyo haikuwa na siri yoyote. Ni tarehe ya kuanzia ambayo mtengenezaji aliiweka, na mashine huirudia inapokosa kumbukumbu ya wakati. Niliipeleka kwa fundi, akaweka Windows upya, akanirudishia siku ya pili saa ikiwa sahihi kabisa, nami nikalipa. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ni 2015 tena. Fundi hakunidanganya. Kwake kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye umeme usiku kucha, na saa ya ndani ikawa inaishi kwa umeme huo. Kwangu mimi, ambaye betri yangu kubwa ilikuwa imekufa siku nyingi na nilizoea kuchomoa waya kabla ya kulala, saa ilikuwa inakata roho pamoja na waya.

Lisiloelezwa mara nyingi ni kwamba kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza imo kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya saketi, na huhesabu hata mashine ikiwa imezimwa, ikiongozwa na kipande kidogo cha fuwele ya kwazi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawanya namba hiyo kwa mbili mara 15 unapata moja, na kwa njia hiyo saketi nyepesi kabisa hutoa pigo moja kila sekunde. Ya pili ni ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, kama Windows. Hii huisoma ile ya kwanza wakati wa kuwaka, kisha hujihesabia yenyewe na kujisahihisha kwa intaneti. Tarakimu tunazoziona kwenye kona ya kioo ni za saa ya pili, kwa hiyo kabla ya kumlaumu yeyote ni lazima kuziona saa hizo kila moja peke yake.

Jaribio ni rahisi. Zima kompyuta, chomoa waya, iache usiku mzima. Asubuhi iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, programu ndogo ya ubao mama inayoamka kabla ya mfumo endeshi; kitufe hicho kwa mashine nyingi ni F2 au Delete na kwa nyingine ni Esc au F10, kisha tazama saa iliyoandikwa pale kabla mfumo endeshi haujapata nafasi ya kuigusa. Ikiwa imekosea pale, na kosa si la saa kamili, Windows haina hatia na kuiweka upya ni kazi bure. Ikiwa pale iko sawa na inakosea baada ya kompyuta kuwaka, weka bisibisi chini, kwa sababu tatizo limo kwenye mipangilio.

Baada ya hapo upime ukubwa wa kosa. Dakika zikiwa sahihi na saa peke yake ikiwa imepotoka, yaani kosa ni la saa moja kamili, tatu kamili au saba kamili, karibu kila mara kilichokosewa ni saa za eneo. Hapa ndipo watu wengi hujichimbia shimo. Badala ya kuchagua eneo sahihi, mtu huisukuma saa mbele au nyuma mpaka ifanane na ya ukutani. Kompyuta, ambayo bado inaamini kwamba iko kwingine, inapounganishwa na intaneti hupewa saa ya dunia, yaani UTC, hujumlisha tofauti ya eneo lile lisilo sahihi, na kosa linarudi vile vile. Mwenye kompyuta husema mashine ina ukaidi, kumbe inatii alichoambiwa.

Liko pia kosa linalowapata wenye mifumo endeshi miwili katika kompyuta moja. Kwa kawaida Windows huiandika saa ya ubao mama kwa wakati wa mahali ulipo, ilhali Linux huiandika kwa UTC, hivyo kila ukihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, wa pili huikuta saa imebadilishwa na mwenzake. Dawa yake ni kuifanya mifumo hiyo ikubaliane. Upande wa Linux, amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huifanya ifuate desturi ya Windows, ingawa kwangu mimi ni bora zaidi Windows ndiyo ifundishwe kutumia UTC.

Kosa la sekunde chache halina haja ya kumnyima mtu usingizi. Fuwele ya kawaida huweza kupotoka kwa takriban sehemu 20 katika milioni, ambazo ni kama sekunde 1.7 kwa siku, na hazifiki dakika moja kwa mwezi. Kupotoka huko hurekebishwa na utaratibu wa NTP uliobuniwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985, ambamo kompyuta huiuliza seva wakati, ikaandika swali limeondoka lini na jibu limefika lini, kisha ikakadiria muda uliopotea njiani. Lakini saa inayochelewa dakika kumi kila siku haiwezi kusingizia fuwele.

Kosa likiwa la miaka, kama langu, mtuhumiwa wa kwanza ni betri ya saa, ile ndogo inayoilisha saa ya ubao mama mashine ikiwa imezimwa. Na kosa hili huleta balaa la ziada: vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoishi mwaka 2015 huona cheti cha leo hakijaanza kutumika, ikakataa kufungua ukurasa. Mtu huanza kulaumu intaneti. Tena Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida katika kompyuta ya nyumbani, haikubali kujisahihisha ikiwa tofauti inazidi saa 15. Ni lazima uisogeze kwa mkono hadi karibu na ukweli, ndipo usahihishaji wa seva ufuate.

Niliifungua kompyuta yangu mwenyewe, baada ya kuchomoa waya na kuitoa betri kubwa. Betri ya saa ilikuwa kama sarafu iliyofungwa katika ngozi nyeusi ya plastiki, ikiwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zinazoishia kwenye plagi nyeupe isiyozidi punje ya mchele. Nilipoipima kwa multimita ilionyesha volti 1.9, wakati mpya ya aina hiyo huwa na volti 3 au zaidi kidogo. Iliandikwa CR2032, maana yake kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Nawasihi wasomaji wasome pia herufi, si tarakimu peke yake: baadhi ya kompyuta hutumia betri ya ML, ambayo huchajiwa na mashine, na kuweka CR mahali pa ML ni hatari, kwani CR haikuumbwa kuchajiwa. Betri kuukuu isiachwe mezani penye watoto. Ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina kabisa betri hiyo ya sarafu, na saa yao hutegemea betri kubwa. Kwa hizo, kuiacha betri iishe chaji kwa miezi kunatosha kuipoteza tarehe.

Nilipoweka betri mpya niliingia BIOS, nikaandika tarehe, nikachomoa waya na kwenda kulala. Leo ni juma la tano, na saa ya BIOS inatofautiana na ya simu yangu kwa sekunde zisizofika kumi.

Wako,
Msomaji