Potasiamu kwanza, salamu baadaye

Kwako Zuhura,

Habari za huko, na za masomo? Sisi wazima, joto tu ndilo linatukomesha. Usininunie kwa kimya changu. Nasikia Jumatatu mnaingia wodi ya watoto, kwa hiyo mambo ya Baraka yasubiri, tumalize hili la potasiamu uliloniuliza: chumvi hii ya damu mtoto anapewaje bila kumdhuru.

Potasiamu ya ampuli, kile kichupa kidogo cha dawa, haisukumwi kwenye mshipa kwa bomba la sindano, hata akikuamrisha nani. Moyo unasimama. Ampuli nyingi ni za asilimia 15, mililita 10, yaani milimoli 20 (kipimo cha wingi wake), lakini soma lebo maana si zote. Inachanganywa kwenye chupa ya dripu, isizidi milimoli 40 kwa lita kwa mshipa wa mkono, kisha chupa inageuzwa juu chini mara kadhaa. Wapo wanaoichoma kwenye chupa ambayo tayari inaning'inia! Ni nzito, inatua shingoni mwa chupa, mgonjwa anaipata karibu yote mwanzoni. Na kabla ya hayo, mtoto amekojoa? Figo ndizo zinazoitoa. Zikiwa zimegoma, inalundikana.

Mkipokea mtoto wa kuhara aliyelegea, macho yamedidimia, ukifinya ngozi ya tumbo inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, anza na Ringer, yale maji ya dripu yenye chumvi, mililita 100 kwa kilo. Wa chini ya mwaka anapata 30 kwa kilo saa ya kwanza, 70 kwa saa 5 zinazofuata. Chukua wa kilo 8: mililita 240, halafu 560. Kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, 240 mara 20 gawa kwa dakika 60 ni matone 80 kwa dakika, baadaye 37. Kwa seti ya matone 60 ungehitaji matone 240 kwa dakika, na hayo hata malaika hayahesabu. Mwenye utapiamlo mkali hesabu hii haimhusu kabisa, huyo mwite mkubwa wako kwanza.

Narudi kwenye potasiamu. Lita ya Ringer inayo milimoli 4 au 5 tu, na kuhara kunaondoka nayo nyingi. Ndiyo maana mtoto anarudishiwa maji yote na bado tumbo limejaa, matumbo kimya, shingo haikazi. Kwa wengi dawa yake ni kikombe: ORS, maji ya kunywa ya chumvi na sukari, ina milimoli 20 za potasiamu kwa lita. Akiweza kunywa tu, mpe mililita 5 kwa kilo kila saa (wetu wa kilo 8 ni 40) huku dripu inaendelea. Mama anaweza kabisa, mwachie kijiko.

Majibu ya maabara yakileta potasiamu 6.8, ambayo iko juu mno, na mtoto anacheza, mwambie daktari hapo hapo, ila uliza pia damu ilivutwaje. Ikivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, seli zinapasuka na potasiamu yake inamwagika humo humo kwenye chupa.

Haya, niambie: wodi yenu ina seti zipi? Ampuli za potasiamu zinakaa kabati moja na maji ya sindano? Maana zinafanana kama mapacha, zitenganishwe. Saa ya ukutani inatembea, au mnahesabu matone kwa simu? Msimamizi bado ni yule wa viatu vya kelele? Na kanga yangu, unairudisha lini?

Wako,
Mwana