Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Safari za Pamoja, Ada, na Kufutwa kwa Jedwali la Mguso

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha warusha ndege kwa simuleta, yaani ndege za kwenye kompyuta. Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana wengi mlikuwapo, au mlipaswa kuwapo. Muda mwingi nitautumia kwenye jambo ambalo limezua minong'ono tangu Machi, nalo ni uamuzi wa kamati kulifuta Jedwali la Mguso, ile orodha ya kila mwezi ya waliogusa lami kwa ulaini zaidi.

Shughuli

Safari za pamoja zilizopangwa ni 48, zilizofanyika ni 31. Kati ya hizo, 9 zilifanyika kwenye VATSIM, mtandao unaowakutanisha warusha simuleta, chini ya waongoza ndege wa kujitolea. Mafunzo yalikuwa 6: kufuata VOR (kinara cha redio cha ardhini), kuzunguka kwenye kituo cha kusubiri, ILS (mawimbi ya redio yanayoielekeza ndege hadi njiani) bila otopailoti, upepo wa ubavuni, hesabu ya mafuta, na altimeta (kipimo cha urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari). Hilo la altimeta tumelirudia mara mbili kwa sababu bado wapo wanaoshuka wakiwa na 1013, shinikizo la kawaida la hewa kwa hektopaskali, kwenye dirisha la altimeta ilhali uwanja umetangaza 1003. Hektopaskali moja ni futi 27 hadi 30, kwa hiyo mwenzetu huyo yuko chini kwa karibu futi 280 kuliko anavyosomewa. Kwenye Microsoft Flight Simulator dawa yake ni kubonyeza herufi B, inayoiweka altimeta kwenye shinikizo la mahali ulipo. Sidhani kama kuna haja ya somo la tatu.

Mahudhurio

Chama kina wanachama 64. Wastani wa waliofika kwenye safari za pamoja ni 9. Mkutano wa nusu mwaka ulikuwa na watu 13, wawili kati yao wakiwa wamezima maikrofoni mwanzo hadi mwisho, hata hatujui kama walikuwapo au ni kompyuta tu iliyoachwa wazi.

Udhuru unaoongoza ni kwamba simuleta ilikuwa inajisasisha. Ni kweli, masasisho ya lazima ni mazito na hayangoji mtu. Lakini anayefungua simuleta dakika tano kabla ya kuondoka asishangae. Ifungueni siku moja kabla, iacheni ifike mpaka kwenye menyu kuu, kisha pakieni ndege mtakayorusha na mkae nayo uwanjani dakika kumi. Ikijifunga yenyewe baada ya sasisho, kosa mara nyingi liko kwenye nyongeza zilizomo ndani ya folda ya Community. Hamisheni zote nje, jaribuni, halafu rudisheni nusu. Ikikubali, mkorofi yuko kwenye nusu iliyobaki nje, na mnaendelea kugawa hivyo hivyo hadi abaki mmoja. Kwa nyongeza 60 ni majaribio sita hivi.

Udhuru wa pili ni jostiki "kufa" katikati ya safari. Jostiki haijafa. Windows imeizimia umeme wa USB ili kubana matumizi. Nendeni kwenye orodha ya vifaa, fungueni kila kitovu cha USB, na ondoeni alama ya kuruhusu kompyuta kukizima. Maelekezo haya nimeyaandika mimi mwenyewe mara nne mwaka huu. Hii ni ya tano.

Ada

Waliolipa ni 22. Fedha hizo zililipia seva ya sauti na hifadhi ya rekodi kwa miezi 7. Miezi 5 iliyobaki ilifidiwa na wanakamati wawili kutoka mifukoni mwao, na ingawa si desturi yangu kujitaja, mmoja wao ni mwenyekiti. Hesabu kamili iko kwa mweka hazina. Wapo wadaiwa wa miaka miwili ambao ndio wa kwanza kulalamika sauti inapokatika.

Jedwali la Mguso

Kwa wanachama wapya, jedwali hili lilipanga washindi wa kila mwezi kwa kigezo kimoja tu: mwendo wa kushuka wakati magurudumu yanapogusa lami, kwa futi kwa dakika. Namba ndogo ndiyo iliyoshinda. Kamati ililifuta tarehe 14 Machi, wajumbe watatu kati ya watano wakiwapo, na akidi kikatiba ni watatu. Wanaosema uamuzi ulifanyika gizani waisome katiba. Nakubali kwamba tangazo lilitoka usiku na jedwali likaondolewa asubuhi yake, na kwamba siku chache za kujiandaa zisingedhuru. Uamuzi wenyewe siujutii.

Nianze na rekodi iliyoshika nafasi ya kwanza Februari, kwa futi 38 kwa dakika. Jina naliacha. Kasi ya kutulia, yaani ile inayotakiwa ndege inapokuja kutua, kwa uzito ule ilikuwa noti (maili za baharini kwa saa) 137. Ndege ilivuka kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kutulia, ikiwa juu futi 70 badala ya 50, na noti 158. Ilipofika futi 12 ikakataa kushuka, kama inavyokataa ndege yoyote yenye kasi ya ziada inapopata ule mto wa hewa kati ya bawa na lami. Ikaelea sekunde 11. Kasi ikipungua taratibu, kwa wastani kila sekunde inakula mita 76 hivi za njia. Ikagusa mita 1,170 kutoka kizingiti, kwenye njia ya mita 1,800, mvua ikinyesha. Zilizobaki ni mita 630. Ikapita mwisho wa lami na noti 60 na kuishia majanini. Jedwali likaiandika ya kwanza, na pongezi zikamiminika.

Huyo hakuvunja kanuni yoyote. Alicheza mchezo kama tulivyoupanga. Anayetafuta namba ndogo ataongeza kasi, ataelea, atapunguza mafuta ndege iwe nyepesi kama kikapu, na atasubiri lami imfuate. Rubani anayetua kwenye njia yenye maji anafanya kinyume chake: anagusa kwa uthabiti makusudi, ili magurudumu yapenye utando wa maji, yaanze kuzunguka, na spoila, vibao vya juu ya bawa vinavyoondoa nguvu ya kuinua, zifunguke. Ndege kubwa za abiria huthibitishwa kuhimili futi 10 kwa sekunde, yaani 600 kwa dakika, zikiwa na uzito wa juu wa kutua. Mguso wa futi 180 mahali panapostahili ni kutua kuzuri, na jedwali letu liliuita wa aibu.

Tena namba yenyewe haikuwa ya kuaminika. Programu moja husoma mwendo wa mwisho kabla ya kugusa, nyingine huchukua wastani wa muda mfupi, nyingine husoma miguu ikiwa imeshaanza kubonyea. Kompyuta inayotoa picha 20 kwa sekunde ina pengo la sekunde 0.05 kati ya picha na picha, na mwishoni mwa kuinua pua pengo hilo linatosha kubadilisha matokeo. Kuna pia mteremko wa njia. Ndege yenye noti 140 inakwenda karibu futi 14,200 kwa dakika. Njia ikipanda kwa asilimia 1 tu, ardhi inaipandia kwa futi 142 kwa dakika. Programu inayopima dhidi ya usawa wa bahari itaandika 100, na magurudumu yamegonga kwa 242. Mwenzake anayetua upande wa pili wa njia ile ile anapata hesabu nyingine kabisa. Tumegombana miaka miwili juu ya namba za namna hii.

Lililonisukuma hasa ni la kughairi kutua. Aliyepaa upya hakuwa na mguso, na asiye na mguso hakupata nafasi yoyote kwenye jedwali. Matokeo yake, katika rekodi zote za mwaka uliotangulia hakuna hata mmoja aliyeghairi kutua. Hata mmoja! Watu walishuka wakiwa juu ya mstari wa kushukia, flapi (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoiwezesha ndege kwenda polepole) hazijakamilika, injini ziko chini kabisa, na bado waling'ang'ania.

Mfumo mpya una alama 100. Arobaini ni za mkao wa kukaribia: ifikapo futi 1,000 juu ya uwanja ndani ya mawingu, au 500 kukiwa peupe, magurudumu yawe chini, flapi za kutulia tayari, kasi isipungue ile ya kutulia wala isiizidi kwa zaidi ya noti 20, na kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika. Kwa pembe ya nyuzi 3, zidisha kasi ya ardhini kwa 5: noti 140 ni futi 700. Alama 30 ni za kugusa ndani ya mita 900 za kwanza au theluthi ya kwanza ya njia, iliyo fupi kati ya hizo. Ishirini ni za mstari wa kati. Kumi zilizobaki ndizo za ulaini. Anayeona mkao haujakaa sawa akapaa upya kwa utaratibu anapata 40 zake zote na nafasi ya kurudia.

Imesemwa kwamba mfumo huu unawaonea wenye jostiki za kawaida. Ni kinyume chake. Jostiki yenye kisomaji cha kusugua huchakaa katikati na ishara yake kurukaruka, na mruko mmoja wakati wa kuinua pua ulitosha kumpeleka mtu mkiani. Sasa unampunguzia alama chache tu. Wekeni eneo tuli la asilimia 3 hadi 5 katikati, mtaona nafuu.

Imesemwa pia kwamba mwenyekiti alilifuta jedwali kwa kuwa hajui kutua. Jedwali la mwisho lipo kwenye hifadhi. Nilikuwa wa nne.

Matarajio

Kamati inatarajia kuangalia uwezekano wa mafunzo ya helikopta, kuboresha sauti hali ikiruhusu, na pengine kushiriki matukio makubwa zaidi ya VATSIM.

Hoja ya kurudisha Jedwali la Mguso imepokelewa na itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Kikatiba wapiga kura ni wanachama waliokamilisha ada. Kati ya 17 waliotia saini hoja hiyo, waliolipa ni 5. Mweka hazina anapokea malipo hadi saa sita usiku wa kuamkia mkutano.

Mwenyekiti