Tuelezeni jambo kwanza, jina la chama baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie tabia ambayo gazeti lako linaweza kuiacha bila gharama yoyote: kuchukua jina ambalo chama cha siasa kimeipachika sera na kuliweka kwenye kichwa cha habari kana kwamba ndilo jina lake la kuzaliwa.

Bei ikipandishwa, walio madarakani husema "imerekebishwa", na wapinzani husema wananchi "wanakamuliwa". Anayeishia kwenye kichwa cha habari, nasi wengi ndivyo tusomavyo, hubeba hukumu ya upande mmoja kabla hajajua bei imetoka wapi na imefika wapi.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipunguza msaada wa pango kwa wapangaji wa nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi waliohesabiwa kuwa na vyumba vya ziada: kiasi sawa na asilimia 14 ya pango kwa chumba kimoja, asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Serikali ilisema inaondoa "ruzuku ya chumba cha ziada". Wapinzani wakaiita "kodi ya chumba cha kulala". Kwa haki, majina yote mawili yalipotosha, kwani hapakuwa na kodi ya serikali iliyotozwa, wala hapakuwa na fungu lililotengwa kwa ajili ya vyumba vya ziada. Jina la wapinzani ndilo lililonasa midomoni mwa watu, lakini mpangaji alichohitaji kujua ni zile asilimia.

Si kwamba wasomaji ni wajinga. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1981 kwamba maneno hutuyumbisha hata pale hesabu inapobaki ileile. Walisimulia ugonjwa unaotishia kuua watu 600; mpango ulioelezwa kuwa utaokoa watu 200 kwa hakika ulichaguliwa na asilimia 72 ya waliohojiwa, ilhali kundi jingine lilipoambiwa kwamba kwa mpango huohuo watu 400 watakufa, ni asilimia 22 tu waliouchagua.

Vyama sivilaumu sana. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na chama kisichojua kuipamba hoja yake hakitapata kura. Lakini mwandishi wa habari hakuajiriwa kuwamba ngoma ya mtu. Ninachoomba ni kwamba aya ya kwanza itueleze nani atalipa au atalipwa, kiasi gani na kuanzia lini. Jina la chama lifuate baadaye, likiwa ndani ya alama za kunukuu na mwenye jina akitajwa. Ufinyu wa nafasi hauwezi kuwa kisingizio, maana "bei yapanda" ni fupi kuliko "bei yafanyiwa marekebisho".

Wako,
Msomaji wa kila siku