Magurudumu membamba ya Bonneville hayafungwi kwa ajili ya wepesi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari ulipoeleza mbio za kasi kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, ulisema magari yale hufungwa magurudumu membamba ili yawe mepesi, na kwamba zile sahani za alumini zinazofunika ringi ni pambo la kizamani. Naomba kusahihisha yote mawili. Anayeamini hivyo akianza kujenga gari atanunua vitu visivyofaa, na kosa la gurudumu kwenye kilomita 300 kwa saa halisameheki.

Nianze na uzito. Wajenzi wa Bonneville hawaukimbii. Wengi huuongeza kwa makusudi. Chumvi inateleza, na njia ya maili 5, yaani kilomita 8, inampa dereva muda wa kukusanya kasi taratibu, hivyo hupakia vipande vya risasi, yale madini mazito, ndani ya gari ili magurudumu yanayosukuma yakandamize chini. Adui ni upepo. Chukua Ford ya wazi ya 1932 iliyovuliwa madigadi, matairi yote manne yako nje. Ukitoa tairi la mbele lenye kimo cha sentimita 71 na upana wa inchi 8, ukafunga la inchi 4.5, umepunguza kama mita ya mraba 0.06 ya uso unaopigwa na upepo, kila upande. Ni eneo la kitabu kilichofunguliwa. Lakini kwenye kilomita 322 kwa saa (maili 200), hata kwa hewa nyepesi ya uwanda ule ulio mita 1,280 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo unasukuma kwa takriban nyutoni 4,000 kwa mita ya mraba. Kwa makadirio ya kawaida, ule upana wa ziada wa matairi mawili tu ya mbele unakula karibu kilowati 27, sawa na nguvu-farasi 36. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu zinazohitajika kuukata upepo huongezeka mara nane.

Sasa kununua. Tairi huchaguliwa kwanza, ringi inafuata, sahani mwisho. Wengi huanza na ringi kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho, kisha wanahangaika kutafuta tairi la kuikaa. Matairi membamba yanayopatikana kirahisi ni yale ya mbele ya magari ya mbio fupi za robo maili. Soma ubavuni kabla ya kulipa: mengi yametengenezwa kubeba pua nyepesi ya gari kwa mita 402, wakati gari la chumvi lenye risasi ndani yake linaweza kuzidi tani mbili na litakimbia kilomita kadhaa mfululizo. Tafuta lenye kiwango cha kasi na cha mzigo kinacholitosha gari lako, halafu ujaze upepo kama mtengenezaji alivyoagiza kwa kasi hiyo. Tairi lenye upepo mdogo hupata mawimbi nyuma ya pale linapogusa ardhi, mawimbi huzaa joto, na joto hubandua mpira kutoka kwenye nyuzi zake.

Hapa ndipo tairi kipara lina heshima yake, ingawa askari wa usalama barabarani asingekuelewa. Matairi ya mbio hizi yana mpira mwembamba sana juu ya nyuzi, kwa sababu kwenye maili 200 kwa saa kila gramu ya mpira wa juu inajivuta kwenda nje kama kilo mbili na zaidi. Mpira mnene ungejirarua wenyewe. Juu zaidi ya hapo mpira unaachwa kabisa: gari la jeti Bloodhound lililofika kilomita 1,010 kwa saa huko Hakskeen Pan, Afrika Kusini, Novemba 2019, lilikimbia kwa magurudumu ya alumini tupu.

Valvu nayo wengi huisahau. Pini yake hufunguka ikisukumwa kuelekea ndani ya tairi, na huko ndiko mzunguko unakoivuta. Kwa hiyo funga valvu ya chuma na kifuniko cha chuma chenye mpira wa kuzuia hewa. Kofia ya plastiki ya kuzuia vumbi haizuii kitu.

Tairi la inchi 4.5 linakaa vizuri kwenye ringi ya inchi 4. Ringi ikiwa pana kupita kiasi, mbavu za tairi huvutwa na ukingo haukai sawasawa. Ikiwa nyembamba mno, tairi huvimba katikati na kugusa chini kwa mstari mdogo. Ringi ya chuma iliyokatwa na kuchomelewa upya ipunguzwe upana inakubalika, ila ipimwe kwa geji ya saa, yaani kipimo cha mshale kinachoonyesha myumbo, ikiwa inazungushwa, usoni na ubavuni. Ikiyumba zaidi ya milimita moja, irudi kwa fundi. Acha pia nafasi ya kutosha kati ya tairi na bodi au usukani, maana matairi ya nyuzi za mshazari hukua kimo yakizunguka kasi. Lisilogusa gereji litagusa kwenye maili ya tatu.

Sahani sasa. Zinazojulikana zaidi ni zile zilizomtangaza Dean Moon, mtengenezaji wa vipuri vya magari ya mbio wa Santa Fe Springs, California: bati la alumini lililozungushwa kwenye mashine na kufinyangwa liwe na tumbo kidogo. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia matundu na mabonde ya ringi yasiichape hewa kama feni. Ya pili ni kuzuia chumvi, na kwangu hiyo ina uzito sawa na ya kwanza. Chumvi mbichi ya Bonneville hunata kama ugali. Ikiganda ndani ya ringi ya inchi 15, donge la gramu 100 kwenye ile maili 200 linavuta kwa takriban kilo 120, mara 40 kila sekunde. Dereva atasema usukani unatetemeka, fundi atalaumu breki au springi.

Kinachoharibika sana ni ufungaji. Upepo unaopita juu ya tumbo la sahani unaweza kuivuta nje kwa kilo 20 na zaidi. Kepu za kubana kwa mikono, za plastiki ama za chuma, ziache za gari la nyumbani. Wengi hutumia skrubu tatu za bati zilizotobolewa kwenye mdomo wa ringi. Kwa gari la maonyesho zinatosha. Kwa mbio, tengeneza vishikio sita vya chuma cha milimita 3, uvichomelee kwenye chuma cha katikati ya gurudumu, kamwe si kwenye pipa la ringi linalozuia upepo wa tairi usitoke, na uchomelee kabla tairi halijavaliwa. Vipime kwenye mizani ya sonara vilingane. Tumia boliti za milimita 6 zenye washa pana na gundi ya boliti, ukaze kwa kukingamanisha. Sahani ikae katikati kabisa: yenye nusu kilo ikikaa pembeni kwa milimita 3 tu, inavuta kwa karibu kilo 10.

Piga mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye sahani. Baada ya kila mbio inama uangalie: mstari uliokatika maana yake boliti imegeuka. Ukiona unga mweusi umezunguka tundu, boliti haijageuka bado, lakini alumini inasuguana nayo na tundu linapanuka. Badilisha sahani hiyo. Kuongeza washa kunaficha ugonjwa tu.

Toboa vijitundu vinne vya milimita 5 ukingoni mwa sahani, kwa nafasi sawa, maji ya chumvi yarushwe nje. Usitoboe tundu kubwa la kufikia valvu na kuliziba kwa kizibo cha mpira, kwani kizibo kitaruka. Fungua sahani, pima upepo, funga tena. Jioni ifunguliwe kwa mara nyingine na ringi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kilichokauka usiku kucha asubuhi kinahitaji patasi.

Kubalansi kufanywe sahani ikiwa imefungwa, na alama iwekwe ili irudi palepale kila ikitolewa. Vipande vya risasi vya kubandika kwa gundi havifai. Cha gramu 20 kwenye ukingo wa ringi kinajivuta kwa kilo 25, kwa hiyo kifungwe kwa boliti au ribiti.

Kuhusu magurudumu ya nyuma, hoja ya kwamba lazima yawe mapana ili gari lisiteleze haina nguvu sana kwenye chumvi. Upana unaongeza upepo na chumvi inayosukumwa mbele ya tairi, wakati mshiko hutokana zaidi na uzito uliokaa juu ya ekseli. Kabla ya kununua tairi pana, pima utelezi. Tairi la sentimita 71 kwenye kilomita 322 kwa saa linapaswa kuzunguka mara 2,405 kwa dakika. Kipimo cha ekseli kikionyesha 2,650 huku GPS ikisema 322, unapoteza asilimia 10. Ongeza risasi mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, ukimbie tena, usome upya.

Wa pikipiki wasiige sahani ya gurudumu la mbele. Upepo wa ubavuni ukiipiga, unageuza usukani.

Fundi mitambo,
Salt Lake City, Utah