Kabla hujaonyesha Yi Yi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi mno kusikia mmeichagua Yi Yi, filamu ya muongozaji wa Taiwan Edward Yang, kwa onyesho la kikundi chenu. Umeuliza uandae nini. Nakujibu kwa kirefu, maana filamu hii ikionyeshwa vibaya watu huona urefu wake tu, na hawana hamu ya kuirudia.

Tuanze na muda. Ni dakika 173, karibu saa tatu. Waambie watu mapema, tena waambie kwamba hakuna mapigano wala msako: ni familia moja ya Taipei yenye kazi nzuri, nyumba ya ghorofani na watoto wawili, kuanzia harusi hadi mazishi. Anzeni saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia. Hata mkipumzika robo saa, mtakuwa mmemaliza kabla ya saa nne.

Giza lenyewe ni la lazima. Mara nyingi kamera inawatazama wahusika kupitia kioo, na taa za mji zinaonekana juu ya miili yao. Kuna tukio ambapo Min-Min, mama wa familia, amesimama ofisini usiku, na taa nyekundu ya nje inawaka na kuzima pale pale penye moyo wake. Ukumbi ukiwa na mwanga, tukio hilo linabaki doa jeusi. Televisheni ndogo nayo haifai, kwa sababu Yang huweka kamera mbali, mlangoni au ng'ambo ya barabara, na nyuso zinakuwa ndogo. Picha ina uwiano wa upana kwa kimo wa 1.85 kwa 1. Mistari miembamba myeusi juu na chini ni sawa kabisa. Usiivute picha ili ijaze skrini.

Sehemu inayowachosha watu ni mwanzo, kwa sababu harusini wanatokea wengi kwa mpigo. Waeleze ukoo kabla ya kuanza. NJ ni baba, Min-Min ni mama, Ting-Ting ni binti anayesoma sekondari, na Yang-Yang ni mdogo wake mwenye miaka minane. Bibi anayeishi nao ni mzaa Min-Min, si mzaa NJ. Bwana harusi ni A-Di, mjomba wa watoto. Anamwoa Xiao Yan, ambaye tayari ni mjamzito, na yule anayeingia akilia ni Yun-Yun, mpenzi wa zamani wa A-Di. Hayo yanatosha. Sherry, mpenzi wa zamani wa NJ atakayekutana naye mlangoni pa lifti, usimtaje. Mshtuko wa NJ wanapaswa kuuona wenyewe.

Usiku huohuo bibi anapata kiharusi. Kabla ya hapo kuna mfuko wa taka ambao Ting-Ting anausahau. Tukio ni fupi na anayepiga soga halioni, kisha kwa saa mbili na ushee hataelewa kwa nini binti huyo hapati usingizi, akijilaumu kwa yaliyompata bibi. Kwa hiyo omba kimya tangu dakika ya kwanza.

Tafsiri za chini ya picha zijaribu siku moja kabla. Nenda pale picha ya ultrasaundi inapoonyesha mtoto tumboni mwa Xiao Yan. Sauti inayosikika juu yake inazungumzia kitu kinachoanza kuwa na dalili za uhai, na mtazamaji anadhani ni daktari. Picha ikibadilika tunajikuta kwenye mkutano wa kampuni ya NJ, na kumbe mada ni michezo ya kompyuta. Maandishi yakichelewa hata kwa sekunde chache, ufundi huo wote unapotea. Tazama pia kama wametafsiri Kimandarini, Kihokkien na Kijapani vyote. Nakala nyingine huruka kimojawapo. NJ na Ota, mbunifu wa Kijapani anayechezwa na Issey Ogata, wanazungumza Kiingereza, na hapo uwaache watu wako wasikilize. Si lugha ya yeyote kati yao. Wanakwenda polepole, wakichagua kila neno, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mazungumzo ya kweli kuliko yote ambayo NJ anayapata katika filamu nzima.

Mapumziko yawe kabla NJ hajasafiri kwenda Japani, kamwe yasiwe katikati ya safari hiyo. Hapo ndipo penye moyo wa filamu. Yang anaingiza ndani ya safari ya NJ na Sherry matembezi ya kwanza ya Ting-Ting na kijana aitwaye Fatty kule Taipei. Baba anakumbuka alivyomshika Sherry mkono mara ya kwanza, huku binti anashikwa mkono wakivuka barabara. Ukikata hapo, unapata hadithi mbili za mapenzi za kawaida. Ukiacha ziende pamoja, unaona jambo lile lile likitendeka upya mbele yetu bila baba kulijua, na hakuna mtu wa kumwonya binti. Yang hasemi lolote. Anapanga picha tu, na mimi sijui muongozaji mwingine anayepanga kwa upole namna hii.

Yang-Yang anapiga picha visogo vya watu, kwa kuwa mtu hawezi kujiona nyuma. Walimu wa filamu hupenda kuanza na hilo. Wewe liache hadi mwisho, wakishaona mara ngapi kamera yenyewe imesimama nyuma ya migongo ya watu.

Mazishini mtoto huyo atasoma barua aliyomwandikia bibi yake. Tafadhali usiwashe taa mara tu anapomaliza. Acha majina yapite yote na muziki wa Kaili Peng uishe, ndipo uwashe. Swali la kwanza lisiwe kama wameipenda. Waulize ni nani alijua nini kuhusu nani katika nyumba ile. Wataanza na bibi, aliyekuwa akisemeshwa kila siku bila kujibu, na watafika wenyewe kwa Min-Min, aliyelia kwa kuona kwamba kila siku ana habari zile zile za kumweleza mama yake.

Niandikie jinsi kipande cha Tokyo kilivyopokelewa, hasa na wazee.

Wako,
Salim