Kondori na tumbusi wa kwetu

Goma

Ndugu yangu Baraka,

Jambo sana huko Lubumbashi. Sisi hapa tuko wazima, ni vumbi la volkeno tu lisilotuachia nguo safi.

Barua yako imefika. Sasa kwa nini umemdanganya kijana wako? Kondori wa kwenye kitabu chake, yule ndege mkubwa wa Marekani, si tumbusi wetu aliyehamia huko kama ulivyomwambia. Wanafanana vichwa vya upara kwa kuwa wote wanakula mizoga, lakini ukoo ni mbali kabisa. Kule wapo hata wanaonusa nyama iliyofichwa chini ya miti. Wa kwetu wanategemea macho.

Kwa ukubwa, kondori wa milima ya Andes, Amerika Kusini, ndiye mshindi: akifungua mabawa anapita mita 3. Huku Afrika anayemkaribia ni yule mwenye ngozi zinazokunjamana kichwani na shingoni, anayeweza kufika mita 2.9. Ana mdomo wa kuchana ngozi ngumu ya nyati, na wenzake mara nyingi wanasubiri afungue mzoga. Tumbusi wa Rüppell naye sifa yake ni kupaa. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye mita 11,300 hivi! Hiyo mpe kijana, atawatambia wenzake darasani.

Lakini ninayempenda mimi ni yule mweupe na mweusi anayekula ngazi. Ndiyo, ngazi hizihizi tunazokamulia mawese. Anakula samaki na kaa pia, mizoga mara chache tu. Tumbusi wa namna gani huyo, sijui, karibu mlokole.

Kuhusu maneno yako kwamba ni ndege wa mkosi na wauawe, hapo tutagombana. Jangili akiangusha tembo, tumbusi wanazunguka juu, na walinzi wa mbuga wanajua pa kwenda. Ndiyo maana majangili wanatia sumu kwenye mzoga: kundi zima linakufa kwa mlo mmoja. Na wengi wao wanataga yai moja tu kwa msimu, basi kurudisha idadi hiyo ni kazi ya miaka. Tangu 2015 aina kadhaa za Afrika, pamoja na huyo wa Rüppell, zimeorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka.

Yule uliyemwona njiani kwenda mbuga ya Upemba, nitumie picha yake. Kama shingo haionekani vizuri, tuma ya mabawa.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Amani